Dondoo muhimu: Siku moja Tabora ukitokea kata ya Ipuli

Anzia Kwihara, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ni kilometa chache tu nje ya mji, lakini elewana na bodaboda nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabisa.

Hapo ndipo lilipo tembe la mvumbuzi Livingstone, sasa makumbusho. Yeye na mwanahabari Stanley walifika Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Usiharakishe. Tazama milango ya nakshi, kisha muulize mhudumu habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, maana mara nyingi wageni huishia kwa Wazungu hao wawili. Mwaka 1873 wanaume hao na wenzao walipita hapa wakiwa wamebeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo safari kubwa kuliko zote zilizopita eneo hili la Unyanyembe. Uliza pia kuhusu biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Matembe ya hapa yalisimama juu ya biashara hiyo.

Ukirudi mjini, pitia Boma la Wajerumani. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo usipige picha bila ruhusa.

Sokoni nunua asali ya miombo. Ionje kwanza, na ufunge chupa vizuri, hasa kama unaondoka kwa treni.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, barabara za vumbi hupitika kwa urahisi zaidi.