Kuona, Kuokota na Kuchimba: Mipaka ya Mtafutaji wa Visukuku Nchini Kenya

Makala haya yanafafanua ni wapi mtu asiye mtaalamu, tuseme mkazi wa Eldoret, anaruhusiwa kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Jawabu limo katika vitenzi vitatu.

Kuchimba kunahitaji leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kuokota kwa nia ya kujimilikia hakuruhusiwi popote nchini, kwani sheria hiyo inavifanya visukuku vilivyomo ardhini kuwa mali ya serikali. Kinachobaki ni kuona, na anayeona hupaswa kuyaarifu Makavazi ya Taifa, akitaja mahali hasa.

Je, ukali huo una msingi? Mashariki ya Eldoret, ng'ambo ya Bonde la Kerio, iko milima ya Tugen. Huko, mwaka 2000, kulipatikana mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Umri huo ulitokana na kupimwa kwa matabaka ya miamba ya volkano mahali hapo. Mfupa uliotiwa mfukoni hutengana na tabaka lake, na umri wake hupotea.

Hata hivyo, kuona si jambo dogo. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, ambaye hakusomea taaluma hii chuoni, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, Turkana. Kikafichua kiunzi cha mvulana wa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwanafunzi naye atazame, apige picha, auache mfupa ulipo, kisha atoe taarifa.