Somo la Sita: Kabla Hujamnunua Mbwa au Paka wa Mbegu

Mlaji anayenunua jokofu hupewa waranti, na likiharibika ndani ya muda uliowekwa hulirudisha dukani. Anayenunua mtoto wa mbwa hana nafuu ya namna hiyo. Mnyama akianza kuhara damu siku ya tatu, mara nyingi simu ya muuzaji huwa imekwisha kuzimwa. Na hata kama ingepokelewa, hakuna fidia ya fedha inayoweza kuyaondoa maumivu ya kiumbe yule wala majonzi ya watoto waliokwisha kumpa jina.

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia bidhaa zisizo na uhai. Leo tunazungumzia ununuzi wa kiumbe hai. Jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo ni moja: sura ya mnyama ndiyo inayotuvuta kulipa, lakini tunachokinunua ni mwili na tabia yake kwa miaka yote atakayoishi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Kwa mnyama wa mbegu, aghalabu uzuri huo ndio chanzo cha maradhi yake.

Tunanunua miaka mingapi?

Paka anayetunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hupita hapo. Mbwa wadogo hukaribia umri huohuo. Mbwa wakubwa kama Rottweiler huishi miaka michache zaidi, kwa kawaida 8 hadi 10. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku paka alipoletwa nyumbani anaweza kumaliza kidato cha nne paka huyo angali hai. Kwa sababu hiyo bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya gharama. Kabla ya kulipa, tunamshauri mlaji aandike kwenye karatasi gharama za mwezi mmoja: chakula, dawa za minyoo, kupe na viroboto, na akiba ya daktari wa mifugo. Kisha azidishe kwa 12, halafu kwa miaka 10. Asiyeimudu jumla hiyo hajawa tayari kununua, hata kama bei ya leo anaimudu.

Mbwa wa ulinzi

German Shepherd, aliyeanza kuzalishwa kama mbegu maalumu nchini Ujerumani mwaka 1899, alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo kabla ya kuwa mbwa wa polisi. Ni mwerevu, hufundishika upesi na humfuata bwana wake. Lakini akili hiyo inahitaji kazi. Akifungwa mnyororo kutwa kucha, huchoka moyo, hubweka bila sababu na huweza kumng'ata hata mtu wa nyumbani. Mbegu hii pia hurithi ulemavu wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, na mbwa huanza kuchechemea. Mnunuzi atazame jinsi wazazi wanavyotembea na kuinuka.

Rottweiler na Boerboel wa Afrika Kusini wana nguvu nyingi. Mbwa mkubwa wa mbegu hizi anaweza kuwa na uzito wa kilo 50 au zaidi, karibu sawa na mtu mzima. Hatuwashauri wanaofuga kwa mara ya kwanza waanze nao, hasa penye watoto wadogo na geti lisilofungika vizuri. Mbegu hizi huhitaji kuzoeshwa watu, sauti na wanyama wengine mapema, hususan kabla ya wiki ya 14 hivi.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa akilishwa pilipili, akinyimwa chakula au akipigwa huwa mlinzi hodari. Hayo ni mateso matupu. Mbwa mwenye hofu hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani.

Mbwa wenye pua fupi

Pug na French Bulldog wamependwa sana mijini kwa nyuso zao bapa na macho makubwa. Ni wapole na hukaa vizuri katika nyumba ndogo. Hata hivyo, mbwa hapoi mwili kwa kutoka jasho kama sisi. Hupoa kwa kutweta. Mwenye pua iliyobanwa na njia finyu ya hewa hatweti ipasavyo. Kwa hiyo katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, matembezi ya saa saba mchana, au kuachwa ndani ya gari kwa dakika chache tu, kunaweza kumuua. Mkoromo ambao wenyeji wa nyumba huuona kichekesho ni sauti ya mnyama anayetafuta pumzi. Tena, majike wengi wa mbegu za bulldog hushindwa kuzaa bila upasuaji, kwa kuwa vichwa vya watoto ni vipana kuliko nyonga ya mama.

Ikiwa mlaji ameazimia kumpata mbwa wa namna hii, amchague mwenye pua ndefu kidogo na matundu ya pua yaliyo wazi, amtembeze alfajiri au jioni, wala asimwache anenepe.

Paka

Paka wa Persia ana manyoya marefu yanayohitaji kuchanwa kila siku. Yakiachwa hujisokota mafundo, ngozi ikawa vidonda. Uso wake ukiwa bapa mno, machozi humwagika daima na kupumua huwa kwa taabu. Mbegu hii pia imejulikana kwa ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji katika figo. Paka wa Siam ana manyoya mafupi na matunzo mepesi, ila ni msemaji mno, na akiachwa peke yake kutwa nzima hudhoofika kwa upweke.

Tunatoa onyo la pekee kuhusu Scottish Fold, paka mwenye masikio yaliyokunjamana. Masikio hayo hukunjamana kwa sababu gegedu lake lina kasoro ya kurithi, na gegedu halipo masikioni pekee. Lipo katika viungo vya mwili mzima. Wengi wao hupata maumivu ya viungo na ugumu wa miguu na mkia. Tunapolipia masikio yale, tunalipia ugonjwa ule. Ushauri wetu ni kutomnunua.

Wanyama wa kwetu

Si kila mbegu hutoka mbali. Basenji, mbwa mdogo mwepesi asiyebweka kama mbwa wengine, asili yake ni misitu ya Kongo. Paka wa Sokoke alitambuliwa kama mbegu kutokana na paka wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Na mitaani petu wamejaa mbwa na paka wa kienyeji, ambao hawakuchaguliwa kwa sura bali kwa kuweza kuishi: pua zao ni ndefu, manyoya mafupi, miguu mikavu. Kwa mlaji anayetaka mwenzi wa nyumbani au mlinzi wa kawaida, hawa wanastahili kufikiriwa kwanza. Nao pia huugua, hivyo chanjo na matunzo ni haki yao kama wengine.

Kabla ya kulipa

1. Tumwone mama pamoja na watoto wake, pale walipozaliwa. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha basi ana jambo analolificha.

2. Tuulize umri. Mtoto wa mbwa au wa paka asitenganishwe na mama kabla ya wiki 8. Kwa paka, wiki 12 ni bora zaidi.

3. Tudai kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la chanjo, na saini ya mtaalamu wa mifugo. Neno "amechanjwa" bila kadi halina uzito.

4. Tumkague: macho makavu, pua isiyotoa makamasi, masikio yasiyonuka, tumbo lisilovimba, nyuma pasafi. Tumwache atembee na kucheza.

5. Tusitume arbuni kwa ajili ya mnyama tuliyemwona katika picha tu. Picha moja inaweza kuuzwa kwa watu ishirini.

6. Tudai stakabadhi inayotaja mbegu, umri, jinsia na kiasi kilicholipwa.

Anayemwonea huruma mnyama mgonjwa akamnunua "ili kumwokoa" humpa muuzaji mtaji wa kuzalisha wengine katika hali ileile. Njia ya kumsaidia mnyama huyo ni kutoa taarifa.

Akishafika nyumbani

Mtoto wa mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo katika siku za mwanzo. Chanjo dhidi ya parvo, ugonjwa unaoharisha damu na kuua watoto wengi, huanza katika wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa anapofikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba atakayoipanga daktari. Paka naye huchanjwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kuhusu chakula, paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Mwili wake unahitaji taurini, inayopatikana katika nyama na samaki. Akiikosa hupata upofu na ugonjwa wa moyo. Mbwa anaweza kula ugali ukichanganywa na dagaa au nyama, ila asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu wala chokoleti. Parasetamoli humuua paka. Vilevile baadhi ya dawa za kupe za mbwa ni sumu kwa paka. Tusome kibandiko kabla ya kutumia.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inakataza ukatili kwa mnyama na inamwajibisha anayemmiliki. Msingi wa fikra hiyo ni uhuru wa aina tano: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na karaha, kutokuwa na maumivu, majeraha na maradhi, kuweza kuonesha tabia ya asili, na kutokuwa na hofu na dhiki. Nayo Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Anayeuza mbwa chotara akidai ni wa mbegu halisi, au kuonesha kadi ya chanjo ya kughushi, anaweza kulalamikiwa. Hapo ndipo stakabadhi, kadi na ujumbe wa simu vitakapohitajika, basi vitunzwe.

Maswali ya kujipima

1. Mnyama ninayemtaka alizalishwa kwa kazi gani, na kazi hiyo nitampatia?

2. Je, sura inayonivutia ndiyo inayomtesa?

3. Nani atamlisha, kumsafisha na kumtembeza nikisafiri au nikiugua?

4. Nimekwisha kumjua daktari wa mifugo aliye karibu nami?

Mlaji akiweza kuyajibu manne haya mbele ya jamaa zake wote, na aende akamwone mnyama. Akishindwa hata moja, na asubiri. Mtoto wa mbwa atapatikana mwaka ujao pia, lakini aliyenunuliwa kwa pupa hana pa kurudi.