Namna spori inavyotengeneza ADN yake

Tulisoma kwamba mionzi ya ultravioleti inaua bakteria. Ni kweli. Lakini iko bakteria moja ya udongo, jina lake Bacillus subtilis, ambayo chakula kikipungua inajifunga ndani ya maganda na kuwa spori. Chini ya taa ya ultravioleti, spori inavumilia mara 10 mpaka 50 kuliko bakteria ileile ikiwa macho.

Wengi wanafikiri kwamba spori inajitengeneza polepole wakati jua linaipiga. Hapana. Spori iko usingizini, haifanyi kazi hata moja. Kila pigo linabaki pale lilipoingia, siku hata miaka.

Sasa, pigo lenyewe ni nini? Uzi wa ADN ni kama maandiko ya herufi nne, na herufi moja inaitwa timini. Timini mbili zikiwa jirani, mionzi inazishikamanisha, na maandiko hayasomeki tena. Katika bakteria iliyo macho zinashikana mara nyingi kwa vifungo viwili. Lakini ndani ya spori maji ni machache, tena protini ndogondogo zimeufunika uzi na kuugeuza umbo, basi timini zinashikana namna nyingine, kwa kifungo kimoja tu. Donnellan na Setlow walionyesha huko Marekani mwaka 1965 kwamba timini za spori zinashikana namna nyingine.

Na kifungo hicho kina mfunguzi wake! Ni enzimi yenye chuma na salfa, iliyowekwa akiba tangu spori ilipokuwa ikijengwa. Spori ikipata maji na chakula inaamka, na enzimi inaanza kazi. Haikati uzi. Inafungua tu kifungo, na timini zote mbili zinarudi kama zamani. Wala haiombi mwanga. Bakteria nyingine zinauhitaji kwa kazi ya namna hii. Iko pia njia ya pili: kukata kipande kilichoharibika na kuandika kipya kwa kufuata uzi wa pili. Wataalamu walipoondoa njia zote mbili, spori zilikufa upesi kwa mionzi.

Kwa nini naandika maneno haya? Sababu kule mabwenini wamoja wananyoana kwa wembe mmoja, kisha wanauanika juani na kusema, «Jua limekwisha kuua mikrobi.» Mikrobi ya pepopunda nayo inafanya spori, na inakaa udongoni. Ikijificha chini ya kutu, mionzi haiifikii hata kidogo. Ikiingia kidondani, inapata pa kuamkia. Hata maji ya kuchemka hayatoshi kuiua kwa hakika. Hospitali wanatumia otoklave, mvuke wa digrii 121 kwa dakika 15 au zaidi. Sisi hatuna otoklave bwenini. Basi kila mmoja awe na wembe wake, na anayejikata aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aende dispansere kuuliza kama chanjo yake ya pepopunda ingali na nguvu.