Kushtuka, Kukabwa, Kukoroma: Maswali na Majibu Kuhusu Usingizi

Mtu akifikisha miaka 60, amelala karibu miaka 20. Hata hivyo mambo ya usingizi ndiyo yanayowatia watu hofu kuliko mengi ninayoulizwa. Mmoja anadhani amerogwa, mwingine anaogopa kuwa ana kifafa, na mama anahofu kwamba mwanawe amepagawa. Sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na kudhani kwamba usingizi huja na kuondoka kwa mkupuo, kama taa inayozimwa na kuwashwa. Sivyo. Ubongo na mwili huingia usingizini kwa sehemu na kutoka kwa sehemu, na pale ambapo sehemu moja imetangulia huku nyingine imechelewa, ndipo tunapoona maajabu.

Swali: Daktari, kila nikianza kupitiwa na usingizi nahisi nimeanguka kutoka mahali pa juu, kisha narusha mguu na kuamka moyo ukidunda. Mke wangu ameanza kuniambia nina kifafa. Ni kweli?

Jibu: Kwa jinsi ulivyoeleza, hapana. Karibu kila mtu amewahi kushtuka hivyo. Unapoanza kulala, mfumo wa ubongo unaokuweka macho unaachia, na misuli inalegea. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba makabidhiano hayo hukwama kidogo, misuli ikapokea amri ya ghafla, na ubongo ulioanza kuota ukaitungia amri hiyo kisa cha kuanguka.

Hutokea zaidi mtu akiwa amechoka mno, ana mawazo, au amekunywa kahawa na chai ya rangi mpaka jioni. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi alasiri kinakuwa kimebaki nusu saa tatu usiku. Anza hapo. Mtu wa kumpeleka hospitali ni yule anayerushwa mikono akiwa macho, hasa asubuhi baada ya kuamka, akaangusha kikombe au mswaki, au anayeamka amejing'ata ulimi na kujikojolea.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Usiku huwa naamka, macho yamefunguka, chumba changu nakiona, lakini siwezi kusogeza hata kidole wala kuita. Mara naona mtu amesimama mlangoni, anakuja, ananikalia kifuani. Nimeombewa, nimechanjwa chale, bado kinarudi. Ni nini hiki?

Jibu: Hilo ni jinamizi, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu linastahili.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho ya mtu hukimbia huku na huko chini ya kope. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakuambia alikuwa akiota. Kipindi hicho hurudi takriban kila dakika 90, na kwa mtu mzima huchukua kama robo ya usiku. Miaka michache baadaye, Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kwa paka kwamba katika kipindi hichohicho misuli ya mwili hulegezwa kabisa kwa amri inayotoka kwenye shina la ubongo. Alipoiharibu sehemu inayotoa amri hiyo, paka waliinuka usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo ambayo hayakuwapo. Kwa hiyo kulegezwa kule ni ulinzi. Ni kizuizi kinachokuzuia usimpige mwenzako kitandani eti kwa sababu unapigana ndotoni.

Kinachokupata wewe ni kwamba akili imezinduka kabla kizuizi hakijaondolewa. Misuli ya macho haifungwi, ndiyo maana unakiona chumba chako. Msuli mkuu wa kupumua, ulio chini ya mapafu, nao unaendelea kufanya kazi, kwa hiyo huwezi kufa kwa kukosa hewa. Lakini misuli ya katikati ya mbavu imelegea, na ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu unahisi kifua hakitanuki. Huo ndio uzito wa mtu aliyekukalia. Wakati huohuo, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu inafanya kazi kwa nguvu sana. Ubongo wenye hofu, katika chumba chenye giza, ukiwa bado umeshika ndoto mkononi, hutafuta wa kumwogopa na humpata.

Hauko peke yako. Uchambuzi uliokusanya tafiti 35 na kutangazwa mwaka 2011 ulikuta kuwa karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na jambo hili angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa zaidi ya robo, na sioni ajabu: mnakesha mkisoma, mnalala mchana, mnaamka kwa hofu ya mitihani.

Dawa kubwa ni kulala saa zilezile kila siku na usingizi wa kutosha. Usilale chali, kwa maana jinamizi humpata zaidi aliyelala hivyo. Likikukamata, usipigane kwa mwili mzima. Elekeza nia yako yote kwenye kidole kimoja cha mguu, au fuata pumzi yako itoke polepole. Huisha kwa sekunde chache, au dakika chache likizidi sana. Kama unalala na mwenzako, mwambie akisikia unakoroma kwa shida au kuguna akuguse tu, mara nyingi hukatika hapohapo. Dua haina madhara, na kama inakupa utulivu kabla ya kulala, endelea nayo. Wembe wa chale uliokwisha kupita kwa watu wengine ndio ninaouogopa.

Jambo moja tu lingenifanya nikupeleke kwa daktari bingwa: kama mchana pia unakamatwa na usingizi usiozuilika, na ukicheka au kushtuka magoti yanalegea ghafla. Huo ni ugonjwa mwingine, na una tiba.

Swali: Nyanya yangu yuko Pemba. Yeye anasema huyo ni Popobawa, yule shetani anayevamia watu usiku, na watu wazima wengi walimwona. Unataka kusema walidanganya?

Jibu: Hawakudanganya. Mtu aliyekabwa amekabwa kweli, na hofu yake ni ya kweli. Ninachokikataa ni jina la aliyemkaba.

Tuangalie mwaka 1995. Habari za Popobawa zilianza Pemba zikavuka hadi Unguja, na zilipamba moto wakati wa Ramadhani. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto. Sasa pima usiku wa namna hiyo: kuna kuamka kula daku, kuna hofu, kuna kulala chini hadharani, kuna kushtuliwa na kila kelele. Usingizi uliokatwakatwa hivyo ndio shamba la jinamizi. Anayekabwa anasimulia asubuhi, na usiku unaofuata wanaolala wakimngoja mvamizi ni wengi zaidi. Joe Nickell, mchunguzi wa Marekani, aliuhusisha mkasa huo na hali hii ya usingizi mwaka huohuo. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyeichunguza Pemba kwa muda mrefu, ametukumbusha kwamba usingizi peke yake hautoshi kueleza yote, maana ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, na visiwa vilikuwa na wasiwasi wao. Nakubaliana naye. Jinamizi huleta uzito kifuani. Sura na jina huletwa na mazungumzo ya watu.

Ndiyo maana kule Newfoundland, Kanada, wazee walisimulia juu ya kikongwe anayekalia vifua vya watu, na mchoraji Henry Fuseli mwaka 1781 alichora mwanamke aliyelala chali na kiumbe cha kutisha kimechutama juu yake. Hawa hawakuwahi kusikia habari za Pemba.

Na lipo jambo zito zaidi. Mwaka huohuo wa 1995, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa Unguja na kundi la watu waliodhani ndiye Popobawa. Huku bara tunajua vilio vya bibi wanaoshukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi. Aliyekabwa usiku akiona sura ya shangazi au jirani, sura hiyo imechukuliwa kutoka miongoni mwa sura anazozijua, kama sura zote za ndotoni. Kumshutumu mtu kwa sababu ulimwona ukiwa katika hali hiyo ni kumhukumu kwa ushahidi wa ndoto. Mwambie nyanya hivyo, kwa upole, na mpe salamu zangu.

Swali: Mwanangu ana miaka minane. Saa nne au saa tano usiku huinuka, hutembea macho wazi, wakati mwingine huweweseka, na asubuhi hakumbuki. Nimeambiwa nikimwamsha anaweza kufa.

Jibu: Hafi, mama. Atachanganyikiwa tu na pengine atalia, kwa hiyo hakuna haja ya kumtikisa wala kumwagia maji. Mshike bega taratibu, mrudishe kitandani. Hii hutoka kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, ambao watoto wanao mwingi, na mara nyingi iko katika ukoo: uliza, utasikia baba yake au mjomba wake alikuwa hivyohivyo. Wengi huacha wakifikia ujana. Kazi yako ni kufunga mlango kwa komeo la juu, kuondoa jiko la mkaa njiani, na kufunika kisima. Alale mapema pia, maana uchovu humzidishia.

Swali: Nina miaka 64. Saa tisa usiku macho makavu, na mke wangu anakoroma. Je, nimeze vidonge vya usingizi?

Jibu: La hasha, mzee wangu, si kabla ya kujua kama kuna tatizo. Kadiri umri unavyosogea, saa ya mwili husogea mapema: usingizi unakuja mapema na kwisha mapema. Vijana ni kinyume. Homoni ya usiku kwao huchelewa kupanda, ndiyo maana mjukuu wako hasinzii mpaka saa sita, na kumwita mvivu anaposhindwa kuamka alfajiri ni kumwonea. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za rika hilo zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Ningependa wizara zetu za elimu zilijadili jambo hilo kwa dhati, kwa sababu watoto wetu wengi saa kumi na moja alfajiri wako barabarani.

Turudi kwako. Watafiti walikwenda kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakawafunga watu wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Karibu kila saa ya usiku kulikuwa na mtu aliye macho, na hakuna aliyepanga zamu. Tofauti za umri ndizo zilizopanga: wazee wakiwahi kulala na kuamka, vijana wakichelewa. Watafiti hao wanaona kwamba huenda kukosa usingizi kwa mzee kulikuwa na manufaa kwa kambi nzima. Mimi nalipenda wazo hilo, na nadhani linampa mzee heshima kuliko kidonge.

Ukiamka, usitazame saa kila dakika. Inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, sali au soma, na usingizi ukirudi rudi kitandani. Kama mchana una nguvu zako, huna ugonjwa. Lakini kama unaamshwa na mkojo mara kwa mara, kapime sukari na tezi dume. Na kama unaamka na huzuni isiyoondoka, vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, hiyo ni sonona. Nenda hospitali bila haya.

Swali: Mume wangu ni dereva wa basi. Anakoroma mpaka majirani wanasikia, kisha kimya kabisa, halafu anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa majini. Wenzake wanasema ni uchovu wa kazi.

Jibu: Katika maswali yote haya, lako ndilo lililonitia wasiwasi. Kukabwa na jinamizi kunatisha lakini hakudhuru. Mkoromo wa namna hii watu wanaucheka, na unadhuru.

Kile kimya ni koo lililoziba. Misuli ya koo hulegea usingizini, ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa huangukia njia ya hewa, na pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi. Ubongo humwamsha kidogo tu ili avute hewa, bila yeye kujua, na hali hiyo inaweza kurudi makumi ya mara kwa saa. Anaamka asubuhi amelala saa nane, lakini hajapumzika. Hali hiyo hupandisha shinikizo la damu, tena lile linalokataa kushuka kwa dawa, na humfanya mtu asinzie mchana akiwa ameshika usukani.

Unene na pombe ya usiku huzidisha. Kulala ubavu na kupunguza uzito husaidia. Tangu mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipotangaza kifaa kinachosukuma hewa puani na kuliacha koo wazi, ugonjwa huu una tiba ya uhakika. Kwa mtoto anayekoroma hivi, mara nyingi kisa ni mafindofindo au nyama za pua, na daktari wa masikio, pua na koo atasaidia.

Dada, leo usiku weka simu karibu na mto, urekodi dakika chache za mkoromo na ukimya wake. Mpeleke hospitali na sauti hiyo, na mwombe daktari ampime presha na sukari. Na mpaka atakapochunguzwa na kutibiwa, asiendeshe basi la abiria.