Dondoo Muhimu: Pawa saplai ya redio ya ridhaa

Pawa saplai ya kisasa, ile nyepesi isiyo na transfoma nzito, haimvunji mtu mgongo wala haijazi meza, lakini ukiichagua vibaya itakujazia redio makelele.

1. Soma ampea inazotoa mfululizo, si zile za kilele zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Redio ya wati 100 ikirusha hula ampea 20 hivi kwa volti 13.8, kwa hiyo chukua saplai ya 30.
2. Imetoka Marekani? Angalia swichi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 ukaipa 230, itaungua papo hapo.
3. Ijaribu kabla ya kulipa: endesha redio kwa betri, antena ikiwa imeunganishwa, pitia masafa huku saplai ikiwashwa na kuzimwa pembeni. Mvumo ukija na kuondoka nayo, irudishe.
4. Mvumo ni mdogo? Zungusha nyaya za saplai mara kadhaa kwenye pete ya feraiti.
5. Tumia nyaya nene, fupi, zenye fyuzi.
6. Usizibe feni.
7. Usifungue kifuniko, hata ukishachomoa: kapasita zake hushika zaidi ya volti 300.