Padi ya PS2 inayojibonyeza yenyewe

SWALI: Nina banda la gemu hapa Tunduma, mpakani na Zambia. Padi zangu za PS2 zinapiga shuti bila mtu kugusa kitufe. Ninunue mpya?

JIBU: Usikimbilie dukani. Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo padi nyingi zinazoitwa "mpya", ziwe zimetoka Kariakoo au Nakonde ng'ambo ya mpaka, ni kopi. Padi orijino iliyochoka ina thamani kuliko kopi inayong'aa.

Ifungue. Ndani kuna utepe mwembamba wa plastiki uliochapwa nyaya, unaokandamizwa kwenye bodi na kisponji. Kisponji kikilala, utepe hugusa nusunusu, na hapo ndipo vitufe huchanganyikiwa. Futa migusano kwa spiriti kali isiyo na maji mengi, iache ikauke, kisha ongeza selotepu iliyokunjwa kati ya kisponji na utepe. Kazi ya dakika chache, wala haihitaji risasi.

Analogi inayojiendea yenyewe ni ugonjwa mwingine: kipimio chake kimelika. Hicho hung'olewa kwenye padi iliyokufa na kuchomelewa, basi mbovu zako usizitupe. Na kwa vumbi la malori ya Zambia, funika padi zako usiku.