Kibofu Kinachovuja Kinaweza Kushonwa

Ndugu wanakikundi, leo tujifunze juu ya kibofu: jinsi kinavyoweka mkojo na jinsi kinavyoutoa. Ni jambo tunaloona haya kulitaja, lakini kunyamaza kumewaumiza akina mama wengi.

Kibofu hufanyaje kazi?

Figo zetu mbili huchuja damu usiku na mchana. Maji na uchafu uliochujwa ndio mkojo. Hushuka kidogo kidogo kupitia mirija miwili hadi kwenye kibofu, yaani mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo. Mfuko huu hutanuka kadiri unavyojaa. Kwa mtu mzima hubeba karibu nusu lita.

Mdomo wake hubanwa na misuli, kama kamba inavyofunga gunia. Ukianza kujaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Kama uko ndani ya matatu, ubongo husema, "Ngoja kwanza." Ukifika chooni, misuli ya mdomo hulegea, mfuko wenyewe hujikaza, na mkojo hutoka.

Na yule mama anayevuja kila saa?

Tuseme mama ameshikwa na uchungu siku mbili au tatu, na mtoto hapiti. Kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki pale, nyama hufa, na baada ya siku chache tundu hutokea kati ya kibofu na njia ya uzazi. Hiyo ndiyo fistula. Sasa hata mdomo ukibanwa namna gani, mkojo utapitia kwenye tundu. Debe likitoboka, utalilaumu kwa kuvuja?

Basi mama huyu si mchafu, wala hajalogwa. Asipunguze maji ya kunywa akidhani atakauka. Mkojo mchache huwa mkali, hunuka zaidi na kuchoma ngozi. Aende hospitali apimwe. Kama ni tundu, hushonwa kwa upasuaji, na wengi hupona. Naye aliye na uchungu wa kuzaa apelekwe mapema, asingojeshwe nyumbani hadi siku ya pili.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna mwenzetu aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu hii? Nani atamtembelea?
2. Mama akishikwa na uchungu usiku, tutampeleka kwa gari la nani, na nauli itatoka wapi?